Mwongozo Kamili: Kujifunza Kushukuru Katika Miezi ya Kwanza ya Utume Ugenini

Kuna ujumbe mmoja ninaoupokea kwa sura nyingi. Anayeandika yuko mwezi wa pili au wa tatu tangu afike alikotumwa. Alianza na furaha, akafungua daftari la shukrani kama alivyoshauriwa kwenye semina ya maandalizi, akaandika siku kumi, kisha kalamu ikakwama. Sasa anabeba mizigo miwili: hana raha, na anajilaumu kwa kukosa raha. "Mungu ameniita, kanisa limejinyima ili nifike hapa, mbona moyo wangu umekauka?"

Mahali hapo napajua. Mwaka wangu wa kwanza ugenini nilianza zoezi hilihili mara tatu na kuliacha mara tatu. Hatua zilizo hapa chini ndizo zilizonivusha mimi na wengine niliowasindikiza baadaye. Zifuate kwa mpangilio wake. Wengi hukwama kwa sababu wanarukia hatua ya nne, yaani daftari, kabla ya kupita zile tatu za mwanzo.

Jambo moja tulimalize mapema. Sote tunaujua mstari wa 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Katika Kiswahili, hilo "kwa" linaweza kusomeka "kwa ajili ya", na ndipo mtu anapojisonga akitafuta namna ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya upweke, kwa ajili ya homa, kwa ajili ya mama yake aliyelazwa naye yuko mbali. Kigiriki alichoandika Paulo ni *en panti*: katika kila jambo, katika kila hali. Hakudai uipende homa. Anasema hata siku ya homa kuna la kushukuru, na mwongozo huu unahusu namna ya kulitafuta.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari moja dogo la karatasi, linaloingia mfukoni. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiifungua utakutana na picha za nyumbani kabla hujaandika neno.
- Kalamu mbili. Moja itapotea.
- Biblia ya lugha yako ya moyoni, ile unayoomba nayo ukiwa na uchungu. Ya lugha ya wenyeji utaihitaji pia, ila si kwa hatua za mwanzo.
- Mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Asiwe kiongozi wako wa kazi, asiwe anayekutegemeza kwa fedha, na asiwe mtu atakayepeleka habari zako kwenye maombi ya kanisa zima. Mmisionari aliyekutangulia miaka kadhaa anafaa sana. Mlezi wa kiroho anafaa. Mwenzi wako wa ndoa anafaa pia, ila yeye anapita tanuru lilelile, kwa hiyo tafuteni mwingine wa nje.
- Dakika 15 za saa ileile kila siku. Jioni ni bora kuliko asubuhi, kwa kuwa siku imeshapita na una cha kutazama.
- Neno la kushukuru katika lugha ya wenyeji, pamoja na namna ya kulitamka mbele ya mtu mzima, mbele ya mtoto, na mbele ya mtu unayemheshimu. Mwulize mwalimu wako wa lugha tofauti zake.

Jipe miezi mitatu. Pungufu ya hapo utakuwa unapima mbegu ambayo bado iko udongoni.

## Hatua ya 1: Tunza mwili kabla ya kuupima moyo

Soma 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika anamgusa na kumwambia ainuke, ale. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumwambia ale tena. Swali la "unafanya nini hapa?" linakuja baadaye kabisa, mlimani, baada ya usingizi, chakula na safari ndefu.

Wiki mbili za kwanza, basi, usifanye tathmini yoyote ya hali yako ya kiroho. Ukivuka mabara, mwili unabaki kwenye saa za ulikotoka, na kwa kawaida huhitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti ili kujipanga. Tofauti ikiwa saa nane, wiki nzima na zaidi imekwenda. Mtu aliyeamka saa nane usiku na kukaa macho hadi alfajiri hawezi kujua kama amepungukiwa na imani au na usingizi.

Fanya haya tu: lala saa ileile, tembea nje mchana upate mwanga, kula hata kama ladha ni ngeni, na usome zaburi moja fupi bila kuichambua.

Onyo: Usikubali kuhubiri, kufundisha wala kuongoza kitu chochote kikubwa wiki hizi mbili kama una uwezo wa kukataa. Wenyeji wengi watakuomba kwa upendo. Omba kwa upendo vilevile wakupe muda.

Utajua umefaulu ukilala usiku mzima mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 2: Andika ulichopoteza

Hatua hii ndiyo watu wanaikwepa, na ndiyo iliyoniangusha mimi mara zote tatu. Nilidhani kuorodhesha nilivyopoteza ni manung'uniko, na manung'uniko ni dhambi ya jangwani. Nikafunga mdomo. Uchungu uliobaki ndani ulitafuta njia nyingine ya kutoka: nikawa mkali kwa watoto wa jirani, nikawa nachelewa makusudi kwenye vipindi vya lugha.

Fungua daftari kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho ndio wako wa kwanza. Andika kichwa: *Nilivyoviacha*. Kisha andika kimoja kimoja bila kupamba, na usiishie kwenye vikubwa. "Familia" ni neno kubwa mno, halilii. Andika sauti ya baba akikohoa kabla ya kubisha hodi. Andika kwamba kule ulikuwa mtu wa kuchekesha watu, na hapa hujui hata kuomba kupishwa njia. Andika cheo ulichokuwa nacho na jinsi watu walivyosimama ulipoingia. Andika mkutano wa ndugu utakaokukosa, na harusi.

Ukimaliza, usigeuze kitu chochote kuwa shukrani. Bado. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari sita tu. Miwili ya mwanzo inauliza "hata lini" mara nne. Miwili ya kati inaomba. Miwili ya mwisho inaimba. Aliyeitunga hakuanzia na wimbo, na hakuna aliyemkemea. Zaburi ya 88 haifiki hata kwenye wimbo, inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia pamoja na nyingine zote. Watu wa Mungu wamepewa maneno ya kulilia, kwa hiyo yatumie.

Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, hazikupita wiki nyingi akamzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Huwa naifikiria meza ile ya kazi. Sidhani kama kuna mmisionari anayeweza kukaa mezani namna hiyo bila kwanza kupewa nafasi ya kulia.

Sasa mpigie yule mtu wa kumwambia ukweli na umsomee orodha. Mwombe asikupe jibu, asikupe mstari, asikilize tu na mwisho aombe nawe.

Onyo la kwanza: Usiifanye hatua hii katika kikundi cha wageni wenzako. Mkikutana watano kila Jumamosi na kuwasema wenyeji, hamtoki mmepona, mnatoka mmekubaliana. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, aliyeuelezea mshtuko wa utamaduni katika hotuba yake ya Rio de Janeiro mwaka 1954, aliona jambo hilihili: mgeni aliyezidiwa hukimbilia kwa watu wa kwao na kuanza kulalamika nao juu ya nchi na watu wake.

Onyo la pili: Ukigundua kwamba ulichopoteza ni mtu aliyekufa karibuni, au ndoa, au jeraha la zamani ulilolikimbia kwa kuja huku, hatua hii haitatosha peke yake. Tafuta mshauri mwenye ujuzi wa majonzi na uende naye taratibu.

Utajua umefaulu ukiweza kuisoma orodha yako hadi mwisho, na ukiisha kulia ukapata njaa. Nalisema kwa uzito wote. Njaa ya kawaida inaporudi, kitu kimelegea ndani.

## Hatua ya 3: Lihesabu neno "kwetu"

Kwa siku tatu, kila unaposema au kuwaza "kwetu sisi..." weka alama ndogo kwenye ukurasa. "Kwetu mkutano ukisema saa tatu ni saa tatu." "Kwetu mtu haulizwi mambo hayo." "Kwetu kanisani watu huimba." Usijizuie, hesabu tu.

Siku yangu ya kwanza ya kuhesabu nilifika alama 31 kabla ya jioni, nikaacha.

Sababu ya zoezi hili ni kwamba kulinganisha na kushukuru hutumia macho yaleyale. Ukiwa kwenye mizani, kila unachopewa kinawekwa upande mmoja na nyumbani kunawekwa upande wa pili, na nyumbani ulikokuacha kunazidi kuwa kuzuri kila wiki, kwa sababu umesahau foleni, ugomvi na bili zake. Zawadi ya leo haina nafasi ya kushinda.

Siku ya nne anza kuibadili sentensi. Kila "kwetu" iwe swali moja la kumwuliza mwenyeji: "Naomba unieleweshe, jambo hili lina maana gani kwenu?" Uliza kama mwanafunzi. Utashangaa ni mara ngapi ulichokiita dharau ni heshima yenye umbo usilolizoea, na ulichokiita uvivu ni subira ya kumngoja mtu ambaye hajafika.

Si kila kitu kitapendeza ukishakielewa. Kila jamii ina mabaya yake, na yako ina yake. Lakini huwezi kulipinga baya la mahali usipopaelewa.

Utajua umefaulu alama zikipungua hadi nusu, na ukijikuta unamwelezea mgeni mpya zaidi yako kwa nini watu wa hapa hufanya hivi.

## Hatua ya 4: Daftari, kwa kanuni tatu

Sasa fungua daftari kutoka mbele. Nikuonyeshe kwanza kurasa zangu zilizokufa. Hii ni ya wiki ya pili ya jaribio langu la kwanza, ninayo hadi leo:

*Jumatatu: Nashukuru kwa uhai. Nashukuru kwa afya. Nashukuru kwa wito.*
*Jumanne: Nashukuru kwa uhai, afya, wito.*
*Jumatano: Uhai. Afya.*

Alhamisi hakuna kitu. Yote niliyoandika ni kweli, na uhai ni neema kubwa kuliko zote. Tatizo ni kwamba sikuhitaji kuitazama siku yangu ili kuyaandika. Ningeweza kuyaandika nikiwa nimefumba macho, na ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Kanuni ya kwanza: kila jambo liwe na mtu, mahali na kitendo. Kanuni ya pili: usirudie lililokwisha kuandikwa. Kanuni ya tatu: matatu yanatosha, moja linatosha pia, ila lisiwe la uongo. Ukurasa wa jaribio la nne ulisomeka hivi:

*Jumanne. Mwalimu wa lugha alinisubiri nimalize sentensi. Ilichukua sekunde kama ishirini. Hakunimalizia.*

Ni sentensi tatu, ila nikizisoma leo nakiona chumba, kalamu aliyoishika mwalimu bila kuiandikia, na macho yake yaliyokuwa yamenituliza niendelee. Ukiandika hivyo, daftari linakufundisha kuutazama mchana wako ukiwa bado ndani yake. Unaanza kuvizia neema. Saa sita mchana unajisemea, "hili nitaliandika jioni."

Kuhusu mara ngapi uandike, kuna jambo la kujua. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti mwaka 2003 ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, hadi mambo matano ya kushukuru, na kundi jingine likaandika kero zake. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na walitazamia wiki inayokuja kwa matumaini zaidi. Angalia hesabu yenyewe: mara moja kwa wiki. Katika jaribio hilo hawakuandika kila siku. Uzoefu wangu unakubaliana na hilo. Andika kila jioni kwa siku 14 za kwanza ili macho yazoee, kisha punguza hadi mara mbili kwa wiki. Anayeng'ang'ania kila siku mwaka mzima anarudi kwenye "uhai, afya, wito".

Siku usizoandika, zitumie dakika zako 15 kwa sala ya kupitia siku. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika kitabu chake Mazoezi ya Kiroho kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, aliipangia sala hiyo sehemu tano, na ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea. Kuchunguza makosa kunakuja baadaye. Hata kama kanisa lako halina desturi hiyo, mpangilio wake unafaa: tazama ulichopewa kabla ya kutazama ulichoharibu. Mmisionari mpya huharibu mengi kila siku, kuanzia salamu, na akianzia huko halali.

Onyo: Usiandike matunda ya kazi kama msingi wa shukrani zako katika miezi hii. "Nashukuru watu wanane walihudhuria" ni sentensi nzuri hadi wiki watakapohudhuria wawili. Mmisionari Mmarekani Adoniram Judson alifika Burma (leo Myanmar) mwaka 1813 na akambatiza mwamini wake wa kwanza mwaka 1819. Miaka sita. Kama shukrani yako inangoja idadi, itangoja sana.

Utajua umefaulu ukisoma ukurasa wa wiki tatu zilizopita na ukaweza kuona sura ya mtu.

## Hatua ya 5: Iseme kwa mdomo, kwa mtu, kwa lugha yake

Shukrani iliyobaki daftarini ni ya faragha, na utume si kazi ya faragha. Kila wiki chagua jambo moja kutoka kwenye ukurasa wako, umwendee mhusika, umwambie.

Ugumu wake ni huu: tumefundishwa kwamba tumekuja kutoa. Tumebeba Neno, mafunzo, dawa, ujuzi. Kupokea kunatuaibisha. Lakini tazama Luka 10. Bwana anawatuma watu wake wawili wawili na kuwaambia wasichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu, kisha anawaambia wakae katika nyumba iliyowapokea, wale na kunywa walichopewa. Waliingia kila mji wakiwa wahitaji. Mwenyeji alikuwa na kitu cha kuwapa kabla hawajampa chochote.

Kisha tazama Luka 17, wale kumi wenye ukoma. Tumezoea kuhubiri kwamba mmoja tu alirudi kushukuru. Mara chache tunasimama kwenye neno ambalo Yesu alilitumia kumtaja: *mgeni huyu*. Wale tisa walikwenda zao. Aliyerudi alikuwa Msamaria, mtu wa nje. Mimi sikuwahi kuusikia mstari huo hadi nilipokuwa mgeni mwenyewe.

Usiku mmoja, mwezi wangu wa tano, umeme ulikatika nikiwa peke yangu na homa. Nilisikia mlango ukigongwa kwa vidole viwili, polepole. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, ambaye hadi siku hiyo sikujua jina lake. Alishika mshumaa uliokwisha kuwashwa, kiganja kimeukinga upepo, nta imemdondokea kidoleni. Alisema neno nisilolijua, akalisema tena, kisha akaukazia macho mwali wa moto na kulisema mara ya tatu. Nikaelewa: ananifundisha neno la mshumaa. Nikalirudia. Akatikisa kichwa, nikarudia tena, akacheka kwa kuridhika, akaniachia mshumaa na kurudi kwake gizani, akipapasa ukuta.

Kesho yake nilimwendea nikamshukuru kwa sentensi tatu nilizozifanyia mazoezi asubuhi nzima, na nikamwuliza jina. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na mtu wa kumsalimia kila asubuhi. Nikiikumbuka nchi ile, naanzia pale mlangoni kwangu.

Namna ya kufanya: sema alichofanya, sema kilikusaidia nini, kisha nyamaza. Usiongeze mahubiri. Usimlipe papo hapo kwa zawadi kubwa zaidi, kwa maana hapo unamwambia kwamba hutaki kuwa na deni lake, na udugu wa watu wengi umeshonwa kwa madeni madogo ya hisani.

Onyo: Kushukuru kuna adabu zake kila mahali. Kuna wanaoona kwamba kumwambia mtu wa karibu "asante" kila wakati ni kumfanya mgeni, na kuna ambao shukrani hupelekwa kwa kurudi kutembelea na si kwa maneno. Mwulize mwalimu wa lugha au mzee wa kanisa kabla hujaanza.

Utajua umefaulu watu watakapoanza kukuomba msaada mdogo bila kuona haya, kama kubeba kitu au kumtazama mtoto. Maana yake umeingia kwenye mzunguko wao.

## Hatua ya 6: Waandikie waliokutuma bila barakoa

Barua ya kila mwezi kwa kanisa na kwa wanaokutegemeza inaweza kuua shukrani ya kweli haraka kuliko kitu kingine chochote. Unaandika "Mungu anatenda makuu" ukiwa umelia usiku, na mwezi unaofuata inakubidi uandike makuu zaidi.

Tumia muundo huu: ugumu mmoja uliotajwa kwa jina lake, neema moja kutoka kwenye daftari lako, ombi moja mahususi. Kwa mfano: "Mwezi huu lugha imenikatisha tamaa, na mara mbili nilitaka kuacha darasa. Mwalimu wangu amenivumilia kuliko ninavyojivumilia. Ombeni nipate kuelewa mazungumzo ya kawaida kabla ya mwisho wa mwaka." Sentensi tatu fupi. Watu wataomba kwa moyo, kwa sababu wamepewa cha kuombea.

Usitume picha za wenyeji wako, hasa watoto na wagonjwa, bila ruhusa yao. Na jiulize swali moja kabla ya kutuma: mtu huyu akiisoma barua hii kwa lugha yake, atajiona amepewa heshima?

Utajua umefaulu mtu mmoja akikujibu kwa kukueleza ugumu wake mwenyewe.

## Hatua ya 7: Weka utaratibu wa siku mbaya

Zitakuja, na mara nyingi kwa tarehe: sikukuu, siku ya kuzaliwa ya mtoto uliyemwacha, habari ya msiba iliyokufikia maziko yakiwa yamekwisha. Ziandike mapema kwenye kalenda, zile zinazojulikana. Siku hiyo usitafute mambo matatu. Rudi nyuma ya daftari, kwenye *Nilivyoviacha*, ongeza mstari, soma Zaburi ya 13, mpigie mtu wako. Kama jioni litapatikana jambo moja, liandike. Lisipopatikana, andika tarehe tu.

Kuna hali mbili ambazo mwongozo huu usitumike kabisa.

Ya kwanza ni ugonjwa. Huzuni isiyoachia kwa wiki mbili mfululizo, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya kila ulichokipenda, kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo: hayo ni ya daktari na mshauri, na ukiwaza kujidhuru ni ya leo hii, usingoje kesho. Sonona haitibiwi kwa orodha. Nimemwona ndugu mpendwa akiambiwa na wenzake ashukuru zaidi, naye alikuwa anahitaji dawa. Alipopata matibabu, shukrani ilirudi bila kusukumwa.

Ya pili ni uonevu. Kama mtu ameishika pasipoti yako, kama hulipwi ulichoahidiwa, kama unaguswa au kutishwa na aliye juu yako, usiitafutie shukrani hali hiyo. Paulo, yuleyule aliyeandika "shukuruni", alipokaribia kupigwa mijeledi bila hukumu katika Matendo 22 alidai haki yake ya uraia wa Rumi. Sema, tena kwa mtu aliye nje ya ofisi hiyo.

## Siku ya tisini

Chukua daftari, kaa na mtu wako wa kumwambia ukweli, na ulisome kutoka pande zote mbili. Upande wa nyuma, weka alama kwenye yale ambayo bado yanauma. Yatakuwepo, na mengine yatabaki miaka yote ya utume. Upande wa mbele, zungushia kila jina la mtu.

Hesabu majina. Kama ni matano au zaidi, endelea na mara mbili kwa wiki. Kama hayafiki matano, umekaa sana na wageni wenzako au sana chumbani; rudi hatua ya 5 kwa mwezi mzima kabla ya kufanya kingine.

Kisha fungua ukurasa mpya, andika tarehe, na chini yake andika jina la anayeishi mlango wa pili kutoka kwako. Kama hulijui, kesho asubuhi kamwulize.